Kosa la Shujaa wa Tanzia: Tundu la Chombo au Tanga Lake?

Mjini Tanga neno tanzia lina kazi yake tangu zamani. Kipaza sauti cha msikiti kikifunguliwa wakati ambao si wa adhana, mtu huweka chini kikombe cha chai akatega sikio: nani amefariki, maziko saa ngapi, makaburi gani. Neno lenyewe ni ndugu wa taazia, mkono wa pole. Wahakiki wa fasihi walipolichukua wakauita hivyo mchezo wa Oedipus au wa Macbeth, lilikuja na harufu yake ya ubani, na harufu hiyo imewapoteza wasomaji wengi. Muulize mwanafunzi wa kidato cha tano tanzia ni nini, atakujibu ni hadithi inayoishia kwa kifo. Muulize shujaa wake ni nani, atasema ni mtu mwema mwenye kasoro, kisha ataanza kuhesabu kwa vidole: kiburi, tamaa, wivu, hasira.

Majibu yote mawili yana ukweli nusu. Tuanze na kifo. Oedipus, mfalme wa Thebe katika mchezo wa Sophocles ambao S. S. Mushi aliuleta kwa Kiswahili mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode, hafi mwishoni. Anajitoboa macho na kuomba afukuzwe mjini. Kwa upande wa pili, basi likitumbukia mtoni na abiria wote wakaangamia, huo ni msiba mkubwa, lakini hakuna mtunzi atakayeufanya tanzia ya jukwaani kwa sababu ya idadi ya maiti peke yake. Tanzia inataka mtu aliyetenda jambo kwa hiari yake, kwa sababu aliyoiona ni ya haki, kisha jambo hilohilo likamgeukia na kumwangusha, naye akabaki na muda wa kulitambua. Ukiondoa kutenda umebaki na ajali. Ukiondoa kutambua umebaki na adhabu.

Kwenye kasoro ndiko fundo lilikokaza, na ndiko tutakakokaa.

Mshale uliokosa shabaha

Aristotle, aliyeandika juu ya ushairi na michezo ya Ugiriki katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliweka sharti la aina ya mtu anayefaa. Asiwe malaika, kwa kuwa malaika akiangamia watazamaji hukasirika badala ya kuhuzunika. Asiwe mwovu, kwa kuwa mwovu akianguka watu hushangilia. Awe mtu wa kati, mwenye heshima na neema, anayeanguka kwa sababu ya kile alichokiita hamatia. Mtazamaji atamwonea huruma kwa kuwa adhabu imemzidi kosa, na ataingiwa na hofu kwa kuwa anajiona mle ndani.

Hamatia inatokana na kitenzi cha wapiga upinde: kurusha mshale ukapita pembeni ya shabaha. Neno hilo linasema tendo na halisemi tabia. Mpiga upinde anaweza kuwa stadi, mwenye mkono imara na jicho kali, akakosa kwa sababu upepo umevuma au kwa sababu aliyemdhania ni swala alikuwa mtu. Na tulitaje hili waziwazi, maana limerudiwa mno: katika kitabu chake Aristotle hakusema kwamba hamatia ni kiburi. Kiburi kilibandikwa baadaye. Wasomaji wa Shakespeare, hasa Uingereza ya karne ya 19, walizoea kuchimba tabia za wahusika, na hamatia ikageuka kutoka kosa alilotenda mtu kuwa doa alilozaliwa nalo. A. C. Bradley, ambaye kitabu chake cha mwaka 1904 ndicho kilichoieneza sana njia hiyo, alikuwa mwangalifu kuliko waliomfuata. Alisema sifa inayomwangamiza shujaa ndiyo hiyohiyo inayomfanya mkubwa. Wanafunzi wa wanafunzi wake walibaki na neno sifa mbaya, ukubwa wakauacha njiani.

Kiswahili kinatupa maneno matatu ya kulifungua fundo hili, tukikubali kuyatenganisha: udhaifu, kasoro na kosa.

Udhaifu ni mahali pa kuumia. Mfano wetu wa pwani ni Fumo Liyongo, shujaa ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi maarufu mwaka 1913. Silaha haikumpata. Kilichoweza kumuua kilikuwa kimoja tu, sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Wengi huandika kwamba kitovu ndicho kasoro ya Liyongo. Hapana. Kitovu hakimfanyi mtu kutenda lolote. Ni mlango tu wa mauti, na kila binadamu anao wake. Ukitaka kosa la Liyongo litafute kwenye mazungumzo. Mwanawe, aliyeahidiwa zawadi na maadui, anakuja kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba ananusa hila. Anajua swali hilo halikuzaliwa kichwani mwa kijana. Na bado anajibu. Pale mshale ulipita pembeni. Alikosa kama baba, kwa kuwa mtu aliyeweza kuvunja kifungo na kulihangaisha jeshi hakuweza kumfunga mlango mwanawe. Maadui walijua hawawezi kupita kwenye ngozi yake, wakapita kwenye mapenzi yake. Ukisoma hivyo, mwisho wake, Liyongo akiwa amepiga goti kisimani na upinde umevutwa, mfu anayeogopwa kama yu hai hata watu wakakosa kuchota maji, unakuwa na uzito ambao sindano peke yake haiupi.

Kwa hiyo kasoro ni mwelekeo wa tabia, na kosa ni uamuzi ambao mwelekeo huo umeuzaa siku fulani, mbele ya mtu fulani. Mwandishi wa insha anayetaja kasoro bila kuonyesha uamuzi hajafanya kazi bado. Amemwelezea mtu, hajaielezea tanzia.

Chombo na upepo

Wavuvi wa Sahare, hapa Tanga, wanajua tofauti ya chombo kinachozama kwa tundu na chombo kinachopinduka kwa tanga. Tundu ni upungufu. Ubao umeoza, kalafati imetoka, maji yanaingia, na hata bahari ikiwa shwari utazama. Tanga ndilo lililokutoa pwani. Bila hilo hufiki popote. Lakini tanga lilelile kubwa lililokufikisha mwambani wakati wa upepo mwanana litakupindua kusi ikichachamaa, kama hukulipunguza kwa wakati.

Kasoro ya shujaa wa tanzia ni tanga. Watu huitafuta kama tundu, ndiyo maana hawaipati, au wakiipata inakuwa kitu kidogo kisichotosha kumwangusha mtu mkubwa. Njia ya kuijaribu ni rahisi: chukua sifa unayodai ni kasoro, rudi mwanzo wa hadithi, uulize sifa hiyo ilimsaidia nini. Kama haikumsaidia chochote, umeshika tundu. Endelea kutafuta.

Oedipus alipata kiti cha ufalme kwa sababu hakubali fumbo libaki fumbo. Ndiye aliyejibu swali la dude lililokuwa likiua watu wa Thebe. Tauni ilipoingia mjini, na ikaagizwa kwamba muuaji wa mfalme aliyetangulia atafutwe, alifanya lile analolijua: akauliza, akabana mashahidi, akamlazimisha mtabiri aliyetaka kunyamaza. Mkewe Jocasta, aliyeanza kuelewa kabla yake kwamba muuaji ni Oedipus mwenyewe, tena ni mwanawe wa kumzaa, alimsihi aache. Hakuacha. Tanga lilelile, upepo umegeuka.

Au mchukue Okonkwo, mhusika wa Chinua Achebe katika riwaya ya mwaka 1958, aliyevaa jina zuri la Kiswahili katika tafsiri ya Clement Ndulute, Shujaa Okonkwo. Baba yake Unoka alikuwa mpiga filimbi mwenye madeni na ghala tupu. Okonkwo aliapa moyoni asifanane naye hata kwa kivuli. Kiapo hicho ndicho kilichojaza ghala lake viazi vikuu na kumpa vyeo. Ni hichohicho kilichomnyanyulia panga. Mzee Ezeudu alikuja mpaka nyumbani kumwonya asishiriki kumuua Ikemefuna, kijana anayemwita baba. Okonkwo alishiriki, na alifanya hivyo kwa kuogopa kuonekana legelege. Wanafunzi huandika kwamba kasoro yake ni hasira. Hasira ni moshi. Moto ni hofu ya kuwa Unoka. Achebe anapofika mwisho anaipiga hofu hiyo pale inapouma zaidi: mtu aliyekimbia aibu maisha yake yote anakufa kwa kujinyonga, kifo ambacho watu wa kijiji chake hawaruhusiwi hata kuugusa mwili wake, sharti waje wageni kumzika.

Tanga na miji mingine ya pwani ilipenda sana sinema za Kihindi, na filamu ya Deewaar ya mwaka 1975 bado wazee wanaisimulia. Iweke kando ya Okonkwo uone jinsi zinavyozungumza. Vijay, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, ni mtoto wa kiongozi wa wafanyakazi aliyelazimishwa kuwasaliti wenzake ili kuokoa familia. Watu wenye hasira walimchanja mtoto tato mkononi, maneno yanayosema baba yake ni mwizi. Akiwa mtoto mng'arisha viatu alikataa kuokota sarafu aliyotupiwa chini. Fahari hiyo ndiyo inayotufanya tumpende, na ndiyo inayomfikisha kwenye magendo, ambako hatimaye ananunua jengo ambalo mama yake aliwahi kubebea matofali. Anataka kuifuta aibu kwa fedha, na kila fedha inaongeza aibu kwa mama. Bila kukusudia amefanya tato liwe kweli, ila sasa mwizi ni mwana. Watazamaji wa pwani walikuwa na sababu yao ya kukiangalia kwa makini kibandiko chake cha bandarini, beji ya kuli yenye namba 786, ambayo kwa hesabu ya herufi husimama badala ya Bismillahi. Mzee Mwislamu anamweleza thamani ya namba hiyo, na kibandiko kinamkinga na risasi. Siku ya mwisho, akimkimbia ndugu yake askari, kinamponyoka mkononi. Anafia hekaluni, mapajani mwa mama yake.

Okonkwo na Vijay hawajuani, lakini wamekatwa kwenye kitambaa kimoja: mwana anayekimbia jina la baba mpaka anakutana nalo mbele.

Brutus na makosa matatu

Hakuna mchezo unaofaa kufundishia tofauti ya kasoro na kosa kama ule wa Shakespeare ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri, kwanza mwaka 1963, kisha akaurekebisha ukatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Jina linawapotosha wengi. Kaizari anauawa mwanzoni mwa sehemu ya tatu, na mchezo una sehemu tano. Anayebeba tanzia ni Brutus.

Brutus ni mkweli, na kwa kuwa ni mkweli anadhani kila tendo likiwa na nia safi litaeleweka kuwa safi. Sifa hiyo ndiyo iliyowafanya wale wanaokula njama ya kumuua Kaizari, mtawala wa Roma, wamhitaji. Bila jina la Brutus mauaji yangeonekana ni ya wivu. Sasa hesabu jinsi inavyozaa maamuzi, kila mara akimpinga Cassius, mwenzake katika njama, mtu mwenye moyo mchafu zaidi lakini mwenye macho zaidi.

Katika sehemu ya pili Cassius anataka Antony, rafiki wa Kaizari, naye auawe. Brutus anakataa, anasema wasionekane wachinjaji. Katika sehemu ya tatu, maiti ya Kaizari ikiwa bado chini, Antony anaomba ruhusa ya kuzungumza kwenye mazishi. Cassius anamvuta Brutus kando kumwonya. Brutus anakubali ombi, na anajipa uhakika kwa masharti: yeye atazungumza kwanza, na Antony asiwalaumu. Kisha anafanya jambo ambalo waigizaji wengi hulipitia haraka. Baada ya hotuba yake anaondoka, na anauomba umati ubaki umsikilize Antony. Hakukaa hata kuangalia kama masharti yanafuatwa, kwa kuwa yeye angeyafuata. Katika sehemu ya nne, kabla ya vita na Antony, aliyeugeuza umati ule kwa hotuba yake, Cassius anashauri wabaki walipo, adui ndiye achoke kwa safari. Brutus anaamuru waende Philippi. Katika sehemu ya tano amekufa kwa upanga wake.

Makosa matatu, mzizi mmoja. Na hakuna hata moja linalotokana na ubaya. Ukimwigiza Brutus kama mtu mwenye majivuno tu umeua mchezo, kwa sababu hata Antony, adui yake, anamsifu mwishoni mbele ya maiti yake.

Jaribio jingine la kuthibitisha umeipata kasoro ya kweli ni kubadilishana viti. Mweke Brutus mahali pa Othello, jemadari wa Shakespeare anayemuua mkewe Desdemona kwa uongo wa msaidizi wake Iago. Iago akimnong'oneza kuhusu mkewe, Brutus angemwita mke akamuuliza usoni. Hakuna tanzia. Mweke Othello mahali pa Brutus: jemadari aliyezoea kuamua upesi vitani angemmaliza Antony siku ileile. Hakuna tanzia tena. Kasoro haiui peke yake. Inaua inapokutana na hali iliyokatwa kwa kipimo chake. Kwa hiyo swali "kasoro yake ni ipi?" halijakamilika mpaka uongeze: "na kwa nini hapa, siku hii, mbele ya mtu huyu?"

Neno lililomzidi aliyelizaa

Katika tamthilia zilizoandikwa kwa Kiswahili, tanzia iliyokamilika kuliko zote kwa hukumu yetu ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Watu huisoma kama historia ya Vita vya Maji Maji na kusahau ilivyosukwa.

Kinjeketile anachukuliwa na mzuka Hongo mtoni, anatoka na maji na ujumbe: makabila yaungane, risasi za Wajerumani zitageuka maji. Watu waliokuwa wanalimishwa pamba kwa viboko, kila mmoja akimshuku jirani yake, wanaungana kwa mara ya kwanza. Neno lile lilifanya kazi ambayo silaha hazikuweza. Hilo ndilo tanga. Lakini katika ujumbe uleule kuna ahadi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Unguja. Jambo hilo linapomwingia Kinjeketile akilini anashtuka: je, huu ndio uhuru, au ni kubadilisha bwana? Anaanza kuhoji kama neno ni lake, la Hongo, au la nani. Anataka watu wabaki katika umoja wao lakini wasubiri, wajiandae, wasiende vitani wakitegemea maji.

Amechelewa. Umati umeshikilia neno, na yeye aliyelizaa hawezi tena kulirudisha tumboni.

Kosa lake liko wapi? Wanafunzi hujibu kwamba alidanganya. Hakudanganya. Aliamini. Wengine husema alikuwa mshirikina, na hilo ni kumhukumu kwa macho ya leo. Kosa lake ni kwamba alitoa imani kwa watu kabla ya kuijua yeye mwenyewe, na alipoijua hakuwa na chombo kingine cha kuwaunganisha. Akiivunja imani ili kuokoa maisha, anavunja umoja. Akiuacha umoja usimame juu ya imani hiyo, watu watakufa kwa bunduki. Hapa Hussein amefika mahali ambapo hakuna mlango safi wa kutokea, na hiyo ndiyo alama ya tanzia nzito. Mwishoni, akiwa amefungwa, anatakiwa na Wajerumani atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Ni kweli hayakuzuia risasi. Anakataa, kwa kuwa anaona kesho yake: watoto wataambiwa si maji tu yaliyokuwa uongo, bali hata kupigania nchi kulikuwa kosa. Anakaa kimya juu ya ukweli mdogo ili kuulinda ukweli mkubwa.

Ufundi wa kuangalia hapa ni jinsi mtunzi alivyoishika historia. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, yule mtu wa kweli, alinyongwa Mohoro mnamo Agosti 4, 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hakuishi kuviona vikishindwa mwaka 1907. Mtunzi alimwongezea maisha katika mchezo, na alikuwa wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa jukwaani. Alimwongezea kwa sababu shujaa asiyeona matokeo ya neno lake hapati utambuzi. Mwandishi anayetaka kutunga tanzia kutoka historia ajifunze hapo: swali la kwanza ni kama mtu wako anapata muda wa kujua.

Ambapo tanzia haikai

Tanga ina haki ya kumtaja Shaaban Robert kila inapozungumzia fasihi, kwa kuwa alizaliwa Vibambani mwaka 1909 na akafariki mjini Tanga mwaka 1962. Lakini kumtafutia shujaa wa tanzia katika hekaya zake ni kuvua samaki kwenye mnazi. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wanaomtendea Adili uovu wanaitwa Hasidi na Mwivu. Kasoro imekuwa jina la mtu, imetolewa nje ya shujaa ikapewa miguu yake yenyewe. Adili anabaki Adili. Karama wa Kusadikika anashtakiwa na kujitetea kwa hoja, lakini hakosei. Anateseka kwa sababu nchi ndiyo iliyokosea. Hizi ni hadithi za maadili na za hukumu juu ya utawala, nazo zina nguvu yao. Kuzipima kwa kipimo cha Aristotle na kuziona pungufu ni kumlaumu mpishi wa pilau kwa kuwa hakupika ugali.

Rosa, wa riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, yuko mpakani. Baba yake Zakaria ni mlevi aliyemlea kwa ukali uliomnyima nafasi ya kujifunza namna ya kuishi na wanaume, na alipotoka nje ya boma hilo alipotea. Je, ni kosa lake au ni la aliyemlea? Kezilahabi hakutaka tulijibu upesi. Wahakiki wanaomwita shujaa wa tanzia wana hoja, mradi waonyeshe maamuzi ambayo Rosa aliyafanya akiwa na njia nyingine mbele yake. Wasipoyaonyesha, wamwite mhanga, na neno hilo halimpunguzii heshima.

Kwa anayeandika mwongozo wa filamu

Vijana wanaotunga filamu Tanga, na wanaosoma sanaa za maonyesho Bagamoyo katika TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, hukutana na matatizo yaleyale, na mengi yanatokana na kutafuta tundu badala ya tanga.

Kubwa ni kumpa mhusika ulevi, umalaya au uchu wa fedha, kisha kumwangusha. Mtazamaji anasema "kayataka mwenyewe", na huruma imekufa. Andika kwanza ukurasa mmoja wa yale mema ambayo sifa hiyo ilimletea mhusika. Kama ukurasa haujai, badilisha sifa.

Pili ni mahali pa kosa. Likija mwishoni kabisa linakuwa ajali. Shakespeare aliweka mauaji ya mfalme Duncan katika sehemu ya pili ya Macbeth, ili sehemu tatu zinazobaki ziwe za kulipa. Katika Othello sumu inaingia sehemu ya tatu, kwa kuwa ni lazima kwanza tuyaone mapenzi yenyewe. Katika Oedipus kosa limetendeka miaka mingi kabla pazia halijafunguliwa, na mchezo wote ni utambuzi. Kwa filamu ya dakika 100, sisi tungependekeza uamuzi wenyewe uonekane kabla ya dakika ya 50, na uonekane kwa macho yetu: usisimuliwe na rafiki sebuleni.

Jukwaani mhusika anaweza kusimama peke yake akatueleza moyo wake. Filamu haina uvumilivu huo, na sauti ya kusimulia juu ya picha mara nyingi ni dalili ya mwandishi aliyechoka. Filamu inataka kitu cha kushikika. Kibandiko cha Vijay ni kitu kama hicho. Katika Omkara, filamu ya Vishal Bhardwaj ya mwaka 2006 iliyotokana na Othello, leso ya Desdemona imekuwa mkufu wa kiunoni, kitu ambacho mwanamke wa India hupewa kama urithi wa nyumba, na hivyo kupotea kwake kunauma zaidi ya leso. Bhardwaj hakutafsiri neno, alitafsiri thamani. Mwandishi wa Tanga ajiulize kwa watu wake kitu hicho kingekuwa nini.

Na kuna mganga. Matatizo ya mhusika yakielezwa yote kwa kurogwa, hakuna kosa, kwa kuwa mkono si wake. Haimaanishi uchawi uondolewe. Wachawi watatu wamo ndani ya Macbeth, na wanasema kweli. Lakini hawamwambii aue. Wanamwambia atakuwa mfalme, njia anaichagua yeye. Mganga wako aseme jambo la kweli, akomee hapo.

Tuyaweke yote haya juu ya meza kwa mfano ambao ungefaa kuigizwa hapa pwani. Abushiri bin Salim alikuwa na shamba la miwa Pangani. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake mjini humo, na muda si mrefu pwani ikawaka. Alikuwa na kipaji cha kuwakusanya chini yake watu wasiopatana: Waarabu, Waswahili wa mjini, watu wa bara. Mei 8, 1889, Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alilivunja boma lake karibu na Bagamoyo. Abushiri akarudi bara, akakusanya tena, safari hii wapiganaji wa bara walioitwa Mafiti, waliopora vijiji vya nyuma ya pwani, vijiji vya watu aliodai kuwapigania. Desemba 15, 1889, alinyongwa Pangani. Hemedi bin Abdallah aliutungia utenzi ujio huo wa Wajerumani katika Mrima, yaani pwani hii ya bara, lakini tanzia ya jukwaani ni kazi nyingine.

Mtunzi mvivu ataanza na bendera na kumaliza na kitanzi, na atapata gwaride. Tanga la Abushiri ni kukusanya. Kwa hiyo kosa litafutwe pale kukusanya kunapogeuka, nalo lipewe usiku wake: boma limevunjika, waliobaki ni wachache, na ujumbe wa Mafiti umefika mlangoni kuuliza kama anawahitaji. Awepo mtu wa kumwonya, kama Cassius, kama mzee Ezeudu. Awe mwenye shamba dogo kutoka moja ya vijiji hivyo, aliyempa chakula jana. Abushiri awe na sababu nzuri ya kusema ndiyo. Kisha, kabla ya Pangani, mtu yuleyule arudi mbele yake akiwa hana kijiji.